Ofafa ni nani?

Swali hilo liliulizwa Jumatatu, kengele ya mapumziko marefu ikikaribia, na msichana wa Gredi ya 5 anayeketi dawati la tatu kutoka dirishani. Darasa zima lilikuwa likichora ramani ya njia kutoka nyumbani hadi shuleni. Alikuwa amekwisha kuchora barabara ya Jogoo, kanisa, kibanda cha muuza mkaa na bomba la maji lililopasuka karibu na lango lao. Alipotaka kuandika jina la mtaa wao, aliinua kalamu.

"Mwalimu, Ofafa ni nani?"

Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa ya darasa. Nilifundisha katika shule za msingi za Eastlands tangu 1985, mwaka ambao mfumo wa 8-4-4 ulianza, hadi nilipostaafu 2022. Mwalimu wa darasa hili nilimfundisha mimi kusoma. Ndiye aliyenialika nikae nao wiki nzima, nijionee mtaala wa umilisi unavyofundishwa, maana nilistaafu nikiwa bado nauuliza maswali mengi. Watoto waliambiwa mimi ni mwalimu wa mwalimu wao. Kufikia saa nne walikuwa wameshaniita Shosho, nami nikaitika.

Swali lile lilinishtua, kwa sababu niliwahi kuulizwa lingine linalofanana nalo kama pacha. Ilikuwa 1994, darasa la nane, muhula wa pili. Mvulana aliyekuwa akiishi Mbotela alisimama katikati ya somo akaniuliza mtaa wao uliitwa kwa jina la nani. Nilimwambia swali hilo halitatoka kwenye KCPE, aketi tuendelee. Aliketi. Alifunika daftari lake polepole, akaweka mikono juu yake, na mwaka ule sikumsikia akiuliza tena jambo lolote.

Mwalimu niliyemfundisha hakufanya nilivyofanya. Aliitazama ramani ya yule msichana, akasema, "Mimi pia sijui. Nani atatuulizia nyumbani?" Mikono ikainuka. Akaenda ubaoni, akaandika swali lile pembeni juu, akalizungushia mstari, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: MSIFUTE.

Lilikaa pale wiki nzima. Hisabati ilifundishwa kando yake. Somo lilikuwa ujazo, na mwalimu hakuanza na kitabu. Alileta mtungi wa lita ishirini, chupa ya nusu lita na kikombe, akauliza chupa ngapi zitaujaza mtungi. Watoto hawa wanajua maji kuliko kitabu chochote. Wanajua siku ambayo mfereji hutoa maji, saa ya kuamka kujaza mitungi, na bei ya mtungi siku mfereji unapokauka. Mmoja alisema arobaini kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Alipoulizwa alijuaje, alijibu kwamba nyumbani wao huchota kwa chupa mtungi ukiwa mzito, na yeye huhesabu asije akasahau.

Jumatano tulitoka nje kwa somo la Kilimo. Shule haina shamba. Ina ua wa changarawe na ukuta. Kila kikundi kilikuwa na gunia tupu, mbolea, udongo, kokoto na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa pande zote mbili ukawa kama bomba fupi. Mkebe husimamishwa katikati ya gunia, ukajazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na mbolea hushindiliwa kuuzunguka. Kisha mkebe huvutwa juu taratibu, kokoto zikabaki zimesimama kama nguzo, ukajazwa tena, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Maji yakimwagwa juu hupita kwenye kokoto, yakafika hadi miche ya chini. Mvulana mmoja aliuvuta mkebe kwa haraka, nguzo ikaporomoka, udongo ukaziba kokoto. Wenzake walimlalamikia. Mwalimu alichuchumaa kando yake, wakalimwaga gunia lote chini, wakaanza upya. Iliwachukua karibu nusu saa, na kengele ililia kabla hawajamaliza. Walimaliza. Kisha wakatoboa pembeni kwa kijiti na kupachika miche ya sukuma wiki, mizizi ikiingizwa ndani taratibu kwa kidole kimoja.

Nusu saa ile niliitazama kwa uchungu kidogo. Katika miaka yangu sikuwa na nusu saa ya kumpa mtoto aliyekosea. Nilikuwa na silabasi ya kumaliza.

Sitaki kusema kwamba kila kitu sasa kimenyooka. Niliwahesabu watoto wale: sitini na watatu, mwalimu mmoja. Kila jioni hubeba nyumbani rundo la vitabu vya kusahihisha na fomu za tathmini za kujaza. Mama mmoja nilikutana naye langoni, anauza mitumba Gikomba, akaniambia, "Mwalimu, juzi nimelipa saiba pesa za unga ili mtoto apate picha za wanyama." Nilimsikiliza, na naamini ana haki. Mtaala unaotaka mtoto ajifunze kwa mikono usimnyang'anye mamake pesa ya chakula. Magunia ya Jumatano hayakumgharimu mzazi hata shilingi, na yalifundisha zaidi ya picha kumi.

Na chakula hakina budi kutajwa. Tangu 2023 kaunti ya Nairobi ina mpango wa Dishi na County, ambapo mtoto hulipiwa shilingi tano kwa mlo na kuvaa bangili mkononi ambayo huguswa na kifaa kabla ya kupakuliwa. Niliwatazama kwenye foleni, mikono imenyooshwa mmoja baada ya mwingine, kisha sahani ya wali na maharagwe. Nawakumbuka wanafunzi wangu waliokuwa wakisinzia saa nane mchana, nami nikiwafokea kwa uvivu. Wengine hawakuwa wamekula tangu jana yake.

Ijumaa swali la ubaoni lilijibiwa.

Mmoja alisema mama yake anadhani Ofafa ilikuwa kampuni iliyojenga nyumba. Mwingine alileta habari kutoka kwa mzee jirani, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli: kwamba Ofafa alikuwa diwani. Mtoto wa tatu hakupata chochote kuhusu Ofafa, ila nyanya yake alimwambia Kariokor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa njia iyo hiyo. Mwalimu aliandika yote ubaoni. Kisha akanigeukia. "Shosho, na wewe?"

Nilikuwa nimesoma usiku mzima wa Alhamisi. Niliwaambia kwamba Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, aliuawa 1953, na kwamba mitaa ya Ofafa Maringo na Ofafa Jericho inabeba jina lake, kama unavyolibeba pia ukumbi wa Ofafa Memorial kule Kisumu.

"Aliuawa na nani?" Ni yule msichana wa dirishani tena.

Nilimtazama mwalimu, naye akaniachia nafasi. Nikawaeleza kwamba hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, kwamba watu walitaka ardhi na uhuru lakini hawakukubaliana njia ya kuvipata, na kwamba wengi waliona mkono wa Mau Mau katika kifo chake. Nikawaeleza pia kwamba Aprili 1954 askari wa Uingereza waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakazisaka nyumba za Waafrika, wakakamata maelfu kwa maelfu na kuwapeleka kambini bila kesi. Mvulana wa mkebe aliinua mkono. "Guka wa baba yangu alifungwa Manyani," alisema. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Msichana wa Ofafa aligeuka akamtazama, akamuuliza alifungwa kwa muda gani. Hakujua. Akasema atauliza.

Mwalimu alichukua chaki, akaandika swali hilo chini ya lile la kwanza.

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, nikapita Mbotela, ambako nguo zilikuwa zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta na watoto wakicheza katikati yake. Nilisimama kidogo. Yule mvulana wa 1994 sasa ni mtu mzima aliyepita miaka arobaini, labda ana mtoto Gredi ya 5. Jina lake limenitoka, na najuta hilo. Iwapo anasoma gazeti hili: mtaa wenu uliitwa kwa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, aliyewapinga Mau Mau hadharani na akauawa hapa Nairobi Novemba 1952. Siku uliponiuliza, mwanangu, sikujua, na niliona haya kukuambia hivyo.