Mzabibu Ukatwao Ndio Uzaao

Kule Kasapa, karibu na mji wa Lubumbashi, mkatekumeni mmoja alikuwa amesoma dini siku nyingi, akitumaini kubatizwa usiku wa Paska. Lakini aligombana na mdogo wake kwa sababu ya shamba la mahindi, wala hakutaka hata kumsalimu. Padri akamwagiza angoje mpaka wapatane. Yule mtu akakasirika, akamwendea katekista kumrudishia katekisimu yake.

"Mwalimu," akasema, "majina ya wenzangu yamesomwa, langu limeachwa. Nimekatwa kama mti usiofaa. Naenda zangu."

Katekista akamwuliza, "Mwanangu, divai ya Misa yatoka wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Hapa hatulimi mizabibu. Twatengeneza munkoyo kwa mahindi na mizizi."

"Basi keti, usikie."

Ndipo akamweleza habari za Bihawana, misioni iliyo karibu na mji wa Dodoma, katika Tanzania. Nchi ile ni ya Wagogo, yenye kiangazi kirefu, ambako tangu zamani watu hulima mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Mwaka 1957 wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu huko. Baadaye wenyeji wakaishika kazi ile, na leo vijiji kama Hombolo na Mpunguzi vina mashamba ya mizabibu.

Huko Ulaya mzabibu hupukutisha majani wakati wa baridi, ukalala. Dodoma hakuna baridi kali ya namna hiyo. Mkulima mwenyewe ndiye auamshaye kwa kuukata. Mavuno yakiisha, huyakata matawi, akaacha vipande vifupi vyenye macho machache. Mgeni apitaye hudhani shamba limeharibiwa. Kumbe macho hufumbuka, machipukizi hutoka, maua hufuata, na baada ya miezi kama minne zabibu zimeiva. Hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu ulioachwa bila kukatwa hujaa majani, na matunda yake huwa haba.

Kisha zabibu hupondwa, maji yake huchachuka, mashapo hushuka chini, na divai hubaki safi. Sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Kwa hiyo munkoyo, ingawa ni kinywaji chema, hauwekwi altareni.

"Tena," akasema katekista, "umemwona Padri akitia maji kidogo katika kalisi. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Kartago katika Afrika ya Kaskazini, aliyekufa shahidi mwaka 258, alifundisha kwamba maji yale ni mfano wa watu, na divai ni Damu ya Kristu. Vikiisha kuchanganyika, havitengeki tena. Je, wataka kuingia katika kikombe hicho, na mdogo wako abaki nje? Kristu alimwaga Damu yake kwa ajili yake pia."

Yule mtu akainama, asijibu.

"Bwana wetu alijiita mzabibu wa kweli. Tawi litupwalo ni lile lililojitenga na shina. Lakini tawi lizaalo, Baba hulikata lipate kuzaa zaidi. Padri hakukutupa, mwanangu. Amegusa kwa kisu mahali palipoota majani tu."

Mkatekumeni akakitazama kitabu chake, akakichukua tena. Jioni ile alionekana katika njia iendayo kwa mdogo wake. Shamba lilikuwa bado halijagawanywa, lakini salamu ilitolewa, nayo ikaitikiwa.

Kila mkatekumeni anayengoja ubatizo ajiulize basi: ni tawi gani ambalo Mungu ataka kulikata, naye bado analikumbatia? Asiogope kisu cha Mkulima huyo, maana hakati asipotaka kuvuna.