Picha ya Arusi na Ushuhuda wa Kweli

Si zamani tulikuwa tukifungisha ndoa katika usharika wetu. Bwana arusi alikwisha kumvika bibi arusi pete, nasi tulikuwa karibu kuwaombea, mara mpiga picha akasogea akatunong'oneza, "Samahani, Mchungaji, sikuipata vizuri. Naomba aivue, amvike tena." Bibi arusi akatutazama. Kanisa zima likanyamaza. Tukamjibu polepole, "Mwanangu, pete imekwisha kuvikwa," tukaendelea na sala.

Baada ya ibada ndugu wa bwana arusi walitujia kwa huzuni, wakasema ya kwamba tumewanyima kumbukumbu waliyoilipia fedha. Maneno yao yalitusumbua, maana hawakuwa watu wabaya, wala hawakukusudia kumdanganya mtu. Tangu siku ile tumelifikiri swali hili: Je, picha ya arusi yapasa kuonyesha jambo lililotokea, ama jambo tunalotaka lionekane kana kwamba lilitokea?

Tusidhani ya kwamba desturi ya kuwapanga watu mbele ya kamera ilizaliwa na udanganyifu. Ilizaliwa na ufundi wenyewe. Njia ya Mfaransa Daguerre ilipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, bamba la picha lilihitaji muda mrefu kupokea nuru, na mtu akitikisika sura yake ilivurugika. Kwa hiyo wapiga picha waliwaketisha watu, na mara nyingi walivitegemeza vichwa vyao kwa chuma kilichofichwa nyuma. Ndiyo sababu nyuso nyingi za watu wa wakati ule ni ngumu kama mawe, ingawa huenda walikuwa watu wa kucheka sana.

Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840, wala hakuna picha ya kamera iliyopigwa siku ile. Walakini iko picha yake pamoja na mumewe, Albert, iliyopigwa na Roger Fenton mwezi Mei 1854, naye Malkia amevaa mavazi meupe na shela. Watu wengi wakiiona husema, "Hii ndiyo arusi ya Malkia." Sivyo. Siku ile alikuwa mke wa miaka 14 na mama wa watoto 8. Picha yenyewe haikusema uongo. Uongo umeingia katika maneno yetu sisi tuitazamao. Hapo twajifunza ya kwamba picha haijui kujieleza. Husadikiwa kama shahidi, hata isipokuwako siku ya jambo lenyewe.

Baadaye ufundi ulibadilika. Mwaka 1925 kiwanda cha Leitz cha Wetzlar, Ujerumani, kilianza kuuza kamera ndogo iitwayo Leica, ambayo mtu aliweza kuichukua mkononi na kutembea nayo kati ya watu. Wapiga picha wa magazeti wakajifunza kutomwagiza mtu simama wala cheka, bali kukaa macho na kungoja. Njia hiyo ikafika hata arusini. Mpiga picha wa namna hii ni shahidi: hapangi mambo, hufuatana nayo.

Mmoja wa watu waliojulikana sana kwa njia hii ni Denis Reggie wa Marekani. Tarehe 21 Septemba 1996 alikuwako katika kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia, John F. Kennedy mdogo, mwana wa Rais Kennedy, alipomwoa Carolyn Bessette. Kanisa lilikuwa dogo, la mbao, la usharika wa Wabatisti weusi ulioanzishwa mwaka 1893. Maarusi walipokuwa wakitoka mlangoni, bwana arusi aliinama akaubusu mkono wa mkewe. Hakuagizwa na mtu. Reggie alikuwa tayari, naye akaipata picha ile, ikaenea duniani. Mwezi Julai 1999 wote wawili walikufa katika ajali ya ndege, kabla ya kutimiza miaka 3 ya ndoa. Kilichobaki katika picha ni tendo alilolitenda mtu kwa moyo wake mwenyewe.

Hata kwetu tumeyaona mambo haya. Katika nyumba moja tuliyokwenda kuwafariji wafiwa, mjane alitufunulia kitabu cha picha za arusi ya binti yake. Marehemu mumewe alionekana katika picha nyingi, amesimama wima, tai imekaza shingo, kama mtu anayengoja hukumu. Mjane alizipita zote. Mwishowe akafika penye picha moja ndogo, ambayo mpiga picha aliipiga pasipo kuitiwa: mzee amevua koti, amekunja mikono ya shati, amebeba kreti ya soda kuwapelekea wageni waliokaa nyuma chini ya mti. Mama yule akaiwekea kidole, akasema, "Huyu ndiye."

Tukakumbuka arusi ya Kana. Mwandishi wa Injili hakutuambia nguo ya bibi arusi, wala hata jina lake. Alituambia ya kwamba divai iliwatindikia, na ya kwamba watumishi walijaza mitungi maji. Ndivyo asemavyo shahidi.

Lakini mtu aweza kutujibu, "Je, huyo shahidi wenu hasemi uongo kamwe?" Ni neno la haki. Yeye naye huchagua pa kusimama na dakika ya kupiga. Akimvizia shangazi anapotafuna, ama mama mkwe anapokunja uso kwa sababu ya jua, aweza kumfanya mtu mwema aonekane mlafi ama mwenye chuki. Jambo limetokea kweli, na bado jirani amesingiziwa. Wala si kila lililotokea lafaa kuonyeshwa. Machozi mengine ni ya wenyewe. Shahidi asiye na upendo ni mpelelezi tu.

Wala hatuzikatai picha za kupangwa. Ukoo ukikusanyika ngazini pa kanisa, wazee wameketi mbele na watoto chini, kila aonaye ajua ya kwamba wamepangwa. Picha ile yasema, "Sisi sote tulikuwako, sisi tu jamaa moja," nalo ni neno la kweli. Kosa haliko katika kupanga. Kosa liko katika kulitunga jambo na kuliita tukio, na zaidi katika kulirudia tendo takatifu kana kwamba mara ya kwanza haikutosha. Maana mtu akivua pete ili avikwe tena mbele ya kamera, amekubali ya kwamba aliyekuwa akingojewa ni mpiga picha.

Basi, ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa, tuwasaidie vijana wetu mapema. Mpiga picha na aitwe kabla ya siku yenyewe, aonyeshwe utaratibu wa ibada, apewe mahali pazuri pa kusimama, na aambiwe wazi ya kwamba hakuna neno litakalorudiwa. Picha za jamaa na zipangwe nje, baada ya baraka, kwa furaha na kwa nafasi. Nasi wachungaji tujilaumu pia: mpiga picha yule aliikosa pete kwa sababu sisi wenyewe tulisimama mbele yake kama ukuta, wala hatukuwa tumesema naye neno. Tulimwendea tukamwomba radhi.

Wale maarusi hawana picha ya kuvikwa pete mpaka leo. Pete wanayo.