Jasiri Yupi, Asili Ipi?

Mwezi uliopita, msibani, binamu yangu alionekana nyuma ya turubai ameshika glasi. Alikuwa amemaliza miezi tisa bila kuonja kitu. Jamaa mmoja, na ndiye huyo aliyemmiminia, akacheka: "Si niliwaambia? Jasiri haachi asili!" Watu wakaangua kicheko na mimi, nisiseme uongo, nikatabasamu. Tangu siku ile methali hiyo inanidai.

Tumeifanya hukumu. Mcheza kamari akirudi kubeti, mzinzi akionekana gesti, basi: jasiri haachi asili. Na mhusika mwenyewe huipenda, maana humpunguzia mzigo. "Mimi ndivyo nilivyo" ni mto laini wa kulalia. Lakini tangu lini mtu anayetetemeka mikono saa moja asubuhi akitafuta gongo akaitwa jasiri? Wahenga hawakuwa wavivu wa maneno. Wangetaka kusema mlevi haachi pombe, wangesema hivyo. Jasiri ni yule anayevutwa huku na huku, naye akang'ang'ania alikotoka. Waliotuachia kauli hii walikuwa wanasifu. Kejeli tumeitia sisi.

Ugomvi basi uko kwenye asili. Wapo watakaoniambia kwetu Uchagani mbege ndiyo asili. Sawa. Lakini mbege ya ndizi na ulezi ilikuwa na shughuli iliyoiita, na kata iliyopita mkononi mwa wazee kwanza. Kujifungia chumbani na chupa si mila ya mzee yeyote ninayemjua. Hayo ni mazoea, na mazoea yana siku yalipoanza.

Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, alilijua hilo mwilini mwake. Katika Maungamo anaeleza minyororo iliyomfunga: nia iliyopotoka ikazaa tamaa, tamaa ikatumikiwa ikawa mazoea, mazoea yasipopingwa yakawa lazima. Pete juu ya pete. Hapo aliyesoma katekisimu atanikamata: na dhambi ya asili je? Tena Augustino huyo huyo ndiye aliyeishikia bango kuliko wengi! Swali zuri, na ndilo kiini cha neno letu. Sikatai kwamba tunazaliwa tumejeruhiwa. Nasema jeraha si mwili. Sura ya kwanza ya Mwanzo inatangulia ya tatu: mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu kabla tunda halijachumwa. Dhambi hiyo tunaiita ya asili kwa kuwa tumeirithi. Haimaanishi kwamba ndiyo iliyotuumba.

Ukikubali hilo, methali inageuka mikononi mwako. Mwana mpotevu wa Luka 15, siku alipotapanya urithi nchi ya mbali, ndipo alipoiacha asili. Alipoinuka kwenye nguruwe, ananuka, akashika njia ya kwa baba yake huku kijiji kizima kikijua habari zake, hapo ndipo alipokuwa jasiri. Ukinisikia nikisema jasiri haachi asili, jua nazungumzia toba.

Ila toba tumeigeuza tamasha. Kuna wahubiri wanaotangaza kufunguliwa kwa usiku mmoja, na mtu akianguka wiki ya tatu wanasema hakuwa na imani. Augustino alihangaika miaka mingi kabla ya kuongoka katika bustani moja ya Milano mwaka 386. Na wale wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, hawakuishia kuokoka. Waliendelea kukutana na kuungama mbele ya wenzao, tena na tena, pamoja na aibu zake. Neema ni ya Mungu, sibishani, lakini waliamini kwamba ina kazi kupitia masikio ya ndugu. Sisi siku hizi tunayo masikio ya kusikilizia habari za aliyeanguka tu.

Jumapili iliyopita binamu yangu alifika kanisani. Hakuingia. Alisimama chini ya mparachichi karibu na geti. Nilimwona kupitia dirishani. Yule baba wa Luka alimwona mwanawe angali mbali, akakimbia. Mimi nilibaki kwenye benchi nikingoja ibada iishe, na nilipotoka hakuwepo.