Amana Hutangulia Uaminifu

Katika mikoa ya korosho neno kangomba halihitaji kufafanuliwa. Mkulima aliyebanwa na shida huuza mazao yake kwa bei ya kutupa, pengine korosho zikiwa bado mtini, na faida huvunwa na mnunuzi msimu ukifika. Serikali imeupiga vita ununuzi huo na kuweka mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa sababu kangomba humnyang'anya mtu thamani ya jasho lake kabla hajaijua. Lakini ipo kangomba nyingine katika pwani hii ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma: kijana wa miaka 14 au 16 hununuliwa angali mbichi. Mvulana aliyeacha shule huingizwa katika uvuvi wa baruti, msichana hunaswa kwa lifti ya pikipiki na sahani ya chipsi, na tangu vita vilipozuka Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, Oktoba 2017, wapo pia wanaowawinda vijana kwa ajili ya bunduki. Shambulio la Oktoba 2020 katika Kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, lilituonyesha jinsi mto ulivyo mwembamba. Wanunuzi hawa wana ujuzi mmoja ambao wazazi, walimu na viongozi wa dini tumeupuuza: humkabidhi kijana kitu na kumwambia kwamba anategemewa.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la dini na falsafa. Je, kijana aaminiwe baada ya kuthibitisha uaminifu wake, au aaminiwe kwanza ili apate kuwa mwaminifu? Kwa mazoea tunashika njia ya kwanza. Tunamtaka atulie, aache kijiwe, aonyeshe adabu, ndipo tumpe jukumu. Njia hiyo inajifunga yenyewe, maana uaminifu hauonekani mahali ambapo hakuna kilichokabidhiwa. Asiyewahi kushika cha mwenzake hana alichorudisha wala alichoiba. Hatuna ushahidi wowote juu yake, ila tunamhukumu kwa woga wetu. Ninashikilia kwamba amana hutangulia uaminifu, na kwamba kwa kijana wa pwani hii baiskeli, ikitolewa kwa utaratibu unaostahili, ni amana nzuri ya kuanzia.

Dini mbili zinazoishi pamoja mkoani Mtwara zinaunga mkono mpangilio huo. Qurani, katika aya ya 72 ya Sura Al-Ahzab, inaeleza kwamba amana ililetwa mbele ya mbingu, ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, akaibeba mwanadamu. Na aya hiyohiyo haifichi kwamba mbebaji huyo ana dhuluma na ujinga. Wafasiri wametofautiana juu ya amana hiyo ni nini hasa, ila mpangilio wa aya hautatanishi: mwanadamu hakusubiriwa akamilike ndipo akabidhiwe. Katika Injili ya Mathayo, mfano wa talanta unamlaumu mtumwa aliyefukia alichopewa, na bwana katika mfano huo aligawa mali yake kabla ya kujua nani angeizalisha. Naye Imamu Ghazali, ambaye wanazuoni wa pwani yetu wamemsoma kwa karne nyingi, alifundisha katika kitabu chake cha Ihya kwamba tabia hubadilika kwa mazoezi: anayetaka kuwa mkarimu na atende matendo ya ukarimu hata yawe maumbile yake. Kama ni hivyo kwa ukarimu, ni hivyo kwa uaminifu pia, na mazoezi yake hayafanyiki mikono ikiwa mitupu.

Wazee wa huku walilijua hilo. Jando na unyago havikuwa zawadi kwa aliyekwisha kukomaa. Vilikuwa njia ya kumkomaza mtoto kwa kumkabidhi siri, majukumu na jina la utu uzima mbele ya watu. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, aliona uzito wa taasisi hiyo, akaifanyia marekebisho na kuiingiza katika maisha ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku. Leo sehemu kubwa ya jando imefupishwa ikabaki sherehe ya siku chache za likizo. Kijana anatoka akiwa na nguo mpya, ila hana alichokabidhiwa.

Baiskeli inaweza kuziba sehemu ya pengo hilo kwa sababu ya maumbile yake. Si chombo cha kupewa na kusahau. Upepo wa chumvi wa Msimbati hula mnyororo usiotiwa mafuta. Mchanga huingia kwenye gololi. Breki iliyolegea humwadhibu mwenyewe mteremkoni. Kila siku chombo kinamuuliza kijana kama amekitunza, na jibu haliwezi kughushiwa. Kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah ameendesha kwa miaka mingi kundi la Safari Simbaz, ambako watoto wa mtaani kwake hufundishwa kuendesha na pia kutengeneza baiskeli. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alipitia hapo akiwa mvulana. Lakini ubora wa kazi hiyo haupimwi kwa bingwa mmoja. Unapimwa kwa mvulana asiyejulikana anayekabidhiwa spana, akaziba pancha ya mwenzake, na mwenzake akapanda bila wasiwasi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka Zambia, ambako watafiti waligawa baiskeli kwa kura kwa wasichana wa vijijini waliokuwa wakiishi zaidi ya kilomita 3 kutoka shuleni. Muda wa safari ulipungua kwa asilimia 35, kuchelewa kwa asilimia 66 na utoro kwa asilimia 27. Wasichana walisema wanajiona wana mamlaka zaidi juu ya maisha yao. Hata hivyo, tokeo linalonigusa zaidi ni jingine. Baadhi ya familia zilitakiwa kuchangia fedha kidogo kwa ajili ya vipuri, na nyingine hazikulipa chochote. Ni wasichana wa familia zilizochangia walioonyesha matarajio makubwa zaidi, kujithamini zaidi, na nia ya kuchelewesha ndoa na mimba. Ninavyousoma utafiti huo, baiskeli ilimfikisha msichana shuleni, na ule mchango mdogo ukamwambia kwamba nyumbani kwake wanamtegemea.

Wapo watakaopinga kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watauliza kwa nini mtukutu apewe baiskeli na mtoto mtiifu atembee kwa miguu. Pingamizi hili lina haki yake, na mpango unaogawa baiskeli kama sadaka unastahili kulaumiwa. Lakini methali hiyo inaonya juu ya sifa, na amana si sifa. Sifa haina hesabu, amana ina hesabu. Vijana wetu wanaujua tayari utaratibu huo kupitia pikipiki za mkataba, ambazo dereva hupeleka hesabu kwa tajiri hadi chombo kiwe chake. Baiskeli nayo iwe ya mkataba, hesabu yake ikiwa mahudhurio ya shule, chombo kilichokaguliwa kila wiki, na zamu ya kumfundisha mdogo. Mlango uwe wazi kwa mtiifu na mtukutu sawasawa. Ikipotea, fikhi imetuachia busara: aliyepotelewa na amana bila uzembe hadaiwi, aliyezembea au kuvuka mipaka hulipa. Atakayeiuza baiskeli atakuwepo, lakini kosa lake litajulikana na kurekebishwa, tofauti na maovu yanayokua gizani.

Wengine watazungumzia soni na haya, kwamba haimfai msichana kupanda baiskeli. Haya ni sehemu ya imani na haipaswi kubezwa. Lakini tuipime mahali inapovunjwa. Msichana anayetembea peke yake njia ndefu jioni, au anayelazimika kupokea lifti asiyoweza kuilipa kwa fedha, ndiye ambaye haya yake imewekwa rehani. Vazi la stara na baiskeli ya fremu ya chini vinapatana. Lifti ya deni na stara havipatani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kiuchumi. Mei 2013 Mtwara iliwaka moto kwa sababu watu waliona gesi ya Mnazi Bay ikipangiwa bomba la kwenda Dar es Salaam, na maisha ya watu yakapotea. Mtu aliyeziishi siku zile ana haki ya kuuliza: mnatupa baiskeli badala ya ajira? Jibu langu ni kwamba baiskeli isitumike kamwe kama fidia wala kama kizibo cha midomo. Haki ya rasilimali ni dai linalosimama lenyewe. Lakini dai hilo nalo linahitaji watu waliozoea kutunza cha wote, wanaojua kudai hesabu kwa kuwa wenyewe wametoa hesabu. Malalamiko ya 2013, ukiyasikiliza vizuri, yalikuwa ya watu walioona hawakuaminiwa kushika kilichotoka katika ardhi yao. Tusiwafanyie watoto wetu lilelile tulilolilalamikia.

Kwa hiyo ninawaomba maimamu, mapadri, wachungaji, na manyakanga na makungwi wa pwani hii: msimu wa korosho unapoingiza fedha, tengeni kidogo kwa karakana moja katika kila kata, yenye fundi, spana na daftari la hesabu. Mwiteni kijana ambaye mtaa mzima umekwisha kumkatia tamaa, mkabidhini chombo mbele ya watu, na mwambieni siku ya kukileta kikaguliwe. Msipomkabidhi ninyi, wapo wanaosubiri kumnunua kwa kangomba.