Mwamuzi Aliyejua Habari za Miti

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, kinatuonyesha Sulemani akiwa bado kijana, amekabidhiwa taifa zima, na anamwomba Mungu moyo wa kusikiliza ili aweze kuwaamua watu. Maisha marefu hakuyaomba, mali hakuiomba. Punde wanaingia wale wanawake wawili wanaogombea mtoto mmoja, na sisi wahubiri mara nyingi tunaishia hapo. Leo nawaomba tusogee mpaka sura ya 4. Huko tunaelezwa kwamba mwamuzi huyu alitunga methali 3,000 na nyimbo 1,005. Kwamba alizungumza habari za miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo iotayo ukutani, na habari za wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Mwandishi haoni kuwa mambo hayo yalimpotezea hakimu muda wake. Anayataja pamoja na hekima yake ya kuamua, na anasema yote yalitoka kwenye moyo ambao Mungu aliufanya mpana kama mchanga wa pwani.

Nikisoma sura hiyo namkumbuka mtu aliyezaliwa katika mkoa wetu. Profesa Issa Shivji alizaliwa Kilosa mwaka 1946, kwenye nchi ya reli na mashamba ya mkonge. Alisomea sheria Dar es Salaam na London, kisha akaifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini. Angeweza kubaki ndani ya uzio wa taaluma yake na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka 1970, kijana mbichi, aliandika juu ya matabaka ya jamii katika Cheche, jarida la wanafunzi ambalo serikali ililipiga marufuku mwaka uleule. Baadaye aliandika historia ya wafanyakazi, akaandika juu ya haki za binadamu Afrika, na juu ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 2019 ulitoka mkusanyiko wa mashairi yake, *Poems for the Penniless*, na jina lenyewe linasema ni mashairi ya watu wasio na senti. Mwaka uliofuata ukatoka wasifu wa Mwalimu Nyerere katika juzuu tatu, alioandika pamoja na Saida Yahya-Othman, mtaalamu wa lugha, na Ng'wanza Kamata, msomi wa siasa.

Mtu anaweza kuuliza: mwanasheria anatafuta nini kwenye ushairi?

Mimi naona sehemu ya jibu katika kazi aliyopewa mwaka 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, na Shivji akawa mwenyekiti wake. Tume ilizunguka mikoa yote ya Tanzania Bara ikafanya mikutano ya hadhara 277, na waliohudhuria walizidi 80,000. Tafakarini hilo kidogo. Sheria za ardhi zilikuwa zimeandikwa, kesi zipo kwenye makabrasha, na maprofesa wangeweza kukaa mezani wakamaliza. Badala yake waliketi vijijini na mijini wakisikiliza malalamiko mbele ya watu wote, hadi ripoti ikakamilika mwishoni mwa 1992.

Nanyi mnajua jinsi mkulima anavyoeleza shamba lake. Haanzi na namba ya hati. Anaanza na bibi yake aliyefyeka pori, mwembe wa mpakani na aliyeupanda, makaburi yaliko, kijito kilivyohama baada ya mvua kubwa. Kwetu Uluguru maelezo hayo hupitia kwa mama, maana ardhi ya asili ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mti wa kudumu uliopandwa kwenye shamba la kuazima unaweza kuzua ugomvi unaorithiwa na wajukuu. Anayejua vifungu vya sheria peke yake ataona mzee huyu anazunguka. Aliyezoea mashairi, historia na hadithi za watu atatambua kwamba ushahidi wenyewe ndio huo. Hapo ndipo ninapoona kazi ya moyo mpana: unamfanya mwamuzi asikie neno ambalo kanuni haikulitarajia.

Tume ilipendekeza kwamba umiliki wa msingi wa ardhi ya kijiji uwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, badala ya kuwekwa chini ya Rais. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 hazikulikubali pendekezo hilo. Ardhi yote ilibaki chini ya Rais kama mdhamini. Mimi ni mchungaji wa roho, si mbunge, ila nasema ninavyoamini: pendekezo lile lilizaliwa na kusikiliza, na bado linastahili kusikilizwa.

Milima yetu inajua pia habari ya wataalamu ambao hawakusikiliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Sababu ya serikali haikuwa ya uongo: udongo ulikuwa unamomonyoka, na maji ya Ruvu yanaanzia huku juu. Maofisa walijua mmomonyoko. Hawakuwajua watu, na hata udongo wenyewe hawakuujua kama mama aliyeulima tangu utotoni, kwa sababu sehemu nyingi tabaka lenye rutuba ni jembamba, na ukichimba ngazi unaleta juu udongo usiozaa. Watu walisema. Walijibiwa kwa faini. Julai 1955 wananchi waliandamana Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke kilichoeleza jinsi Waluguru wanavyomiliki ardhi na kujitawala kilitoka mwaka 1960. Elimu ile ilichapishwa miaka mitano baada ya mazishi.

Na hapa ni lazima turudi kwa Sulemani, kwa kuwa Maandiko hayamfichi. Mfalme huyuhuyu aliyejua miti ndiye aliyewapeleka watu 30,000 kwa zamu kuikata Lebanoni. Alipokufa, watu walimwendea Rehoboamu mwanawe wakamwambia baba yako alitutwika nira nzito, tupunguzie. Wazee wakamshauri awasikilize; akawapuuza, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Elimu pana inaweza kukaa ikulu na kuipamba, huku wabeba mizigo wakiendelea kubeba. Tusiidanganye nafsi kwamba kusoma vitabu vingi kunamfanya mtu kuwa mwema. Inategemea amekaa upande wa nani anaposoma. Ndiyo maana jina la mashairi yale ya mwaka 2019 linanigusa: mwandishi ametaja mapema anawaandikia kina nani.

Nawageukia vijana wetu wanaosomea sheria Mzumbe, chini ya milima hii. Someni sheria kwa bidii, maana mjane anayetetewa na wakili mvivu ameumizwa mara mbili. Kisha someni na mengine: historia ya mkoa huu, majina ya miti, mashairi, Kiluguru cha bibi zenu kama mlikiacha nyumbani. Nendeni mkakae nyuma kwenye baraza la ardhi la kijiji siku ambayo hamna kesi, msikilize tu. Ninyi wazazi, mtoto wa sheria akija likizo na kitabu cha hadithi au cha ndege, msimwambie anachezea ada.

Wiki hii jumuiya zetu zisome Wafalme wa Kwanza, sura ya 3, ya 4, na ya 12. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1955 bado wapo Matombo na Mgeta, wengine wamehamia kwa watoto wao hapa mjini. Kila jumuiya imwalike mmoja, aeleze aliyoyaona na aliyosimuliwa juu ya matuta, naye kijana mmoja aandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na jina la ukoo na la mlima. Madaftari yaletwe Jumapili ijayo kabla ya ibada ya kwanza.