Kichwa Kiinuke Mwisho

Huko Karema na Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mvuvi huingia majini na mtumbwi usio na matengo. Sisi wa pwani tumeizoea ngalawa, ambayo matengo yake mawili huizuia isipinduke. Mtumbwi hauna ila kafi na kiuno cha mwenyewe. Miezi ambayo kwetu huvuma Kusi, na huko upepo wa kusini huchafua ziwa lenye kina cha mita 1,470. Chombo kikilala, mvuvi hulaza bapa la kafi juu ya maji na kuliegemea, huku kiuno kikikirejesha chombo. Maji hayashikiki, lakini huegemeka kwa anayejua kwamba ni kwa nukta moja tu.

Kikishapinduka, je? Wawindaji Wainuit wa Greenland, ambao baridi ya bahari yao huua upesi, walibuni elimu ya kuzunguka pamoja na kayaki: mtu aliye kichwa chini huibuka asitoke chomboni. Mvuvi wa mtumbwi hutoka, akaushikilia mtumbwi wake, kwani mti huelea hata ukijaa maji, akamngoja mwenziwe. Mmoja hujiinua, mwingine huinuliwa. Yupi bora?

Kwa muda mrefu nilimsifu wa kwanza. Kisha nikaijua kanuni yake: nyonga huinuka kwanza, kiwiliwili hufuata, kichwa huwa cha mwisho. Kichwa ni kizito. Anayekitanguliza kwa pupa ya pumzi hukivuta chombo na kurudi chini. Na anayengoja mwenziwe naye akitaka kuupanda mtumbwi mgongoni, huubiringisha tena. Kumbe sharti ni moja kwa wote wawili. Bora si ajiinuaye wala ainuliwaye, bali akubaliye kubaki chini kwa muda unaostahili.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kupinduka. Kijana mmoja alinionyesha kosa katika tafsiri yangu iliyokwisha kuchapishwa. Kabla sijalitazama neno lenyewe, niliinua kichwa: nikamtajia umri wangu, nikamhesabia kazi zangu. Kwa kila nililolitaja nilizidi kuzama, naye akanyamaza kwa adabu. Lau ningeanza na neno, kichwa kingeinuka chenyewe.

Kujikwaa si kuanguka, walisema wazee. Lakini aliyekwisha kuanguka ana wajibu wa kwanza, nao ni kukiri kwamba yumo majini. Mwanangu, ukiyasoma haya: neno lako ndilo lililokuwa sahihi.