"Tumeshinda": Neno la Mtazamaji

Kijana mmoja wa Kanoni alirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, akawasimulia wazee habari za siku ile ya mwaka 2022, Yanga ilipotwaa ubingwa wa ligi bila kushindwa hata mchezo mmoja. Alisimama kando ya barabara saa nyingi, jua likimchoma, hata gari la wachezaji likatokea, likitoka uwanja wa ndege kwenda Jangwani. Watu walikuwa wengi kama siafu, wamevaa kijani na manjano. Kombe aliliona kwa mbali, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha gari likapita, na vumbi likatulia. "Lakini babu," akamaliza, "siku ile tulishinda!"

Mzee mmoja, aliyekuwa akigeuza kahawa yake juani, akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, wewe ulifunga bao gani?" Watu wakacheka, na kijana akanyamaza.

Swali lile lilikuwa la mzaha, lakini tukilitazama vema tutaona kwamba si dogo. Mtu asiyekimbia, asiyecheza, asiyetokwa na jasho, apata wapi haki ya kusema "tumeshinda"? Je, furaha yake ni ya kweli, au ni mali ya mwenzake aliyojitwalia bure?

Wako wanaojibu kwamba shangwe za namna hiyo ni upuzi mtupu. Wala jibu hilo si jipya. Yapata miaka 2,500 iliyopita mwenye hekima mmoja wa Uyunani, jina lake Xenophanes, aliwalaumu watu wa miji ya kwao kwa kuwaheshimu washindi wa mbio na mieleka kuliko watu wenye hekima. Alisema kwamba mji hautawaliwi vema zaidi, wala ghala zake hazijai, kwa sababu tu mwenyeji wake ameshinda katika michezo.

Neno lake lina ukweli. Kombe halipalilii migomba, wala halimlipii mtoto karo. Hata hivyo twadhani kwamba mwenye hekima huyo hakuona jambo moja. Kijicho ni ugonjwa ulio karibu sana na moyo wa mwanadamu. Jirani akiezeka nyumba yake kwa bati, twaulizana fedha kazitoa wapi; mtoto wake akifaulu mtihani, twanong'ona. Sasa yatazame maajabu ya siku ya shangwe: maelfu ya watu wamesimama juani, wakifurahia heri ya mtu mwingine. Hawagawiwi fedha za zawadi. Kesho watarudi katika shida zao zile zile. Moyo uwezao kufurahi hivyo, walau kwa siku moja, haujafa.

Lakini shaka yabaki. Je, mtazamaji afurahia heri ya mwenzake, au ajifurahia nafsi yake mwenyewe kwa mgongo wa mwenzake? Kipimo chake ni rahisi. Tumwangalie mtu huyo atendavyo siku ile mwenzake anaposhindwa.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, mbio ndefu za Olimpiki zilikuwa zimekwisha. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amepata nishani yake ya dhahabu, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeanza kuingia, akatokea John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, mwenye kuvaa jina la Tanzania. Alikuwa ameanguka njiani na kuumia vibaya goti na bega. Mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji, naye akichechemea akauzunguka uwanja mpaka mwisho. Akawa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Watu wachache waliosalia wakasimama wakampigia makofi.

Tuwafikirie watu hao wachache. Hawakuwa wa kabila lake, wala wa taifa lake. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusema "tumeshinda." Waliona mtu aliyetimiza ahadi yake, wakamheshimu, basi. Huenda shangwe yao ilikuwa safi kuliko ya miji mizima, maana haikuwa na faida yo yote ndani yake.

Nasi je? Mwaka 2025 Kagera Sugar, timu ya mkoa wetu, ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu. Wangapi miongoni mwetu tuliokuwa tukisema "timu yetu" ilipowafunga wakubwa pale Kaitaba, tulisema "timu yetu" siku ile iliposhuka? Wengi tulisema "timu yao." Ulimi ni mwepesi sana kubadili neno hilo dogo.

Tena tukumbuke jinsi mpaka wa kushinda na kushindwa ulivyo mwembamba. Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu ya kwanza kabisa katika mashindano ya riadha ya dunia. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Na Amanal Petros wa Ujerumani akaandikiwa muda ule ule. Ilibidi waamuzi watazame picha ili kuwatenganisha, maana baina yao palikuwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Kama sehemu hizo zingalikwenda upande wa pili, Simbu angalikuwa mtu yule yule, mwenye miaka ile ile ya taabu, na alfajiri zile zile za kukimbia peke yake bila mtu wa kumshangilia. Angalipungukiwa nini? Sisi tu.

Basi, jibu la swali la mzee lapatikana katika desturi za vijijini kwetu. Kijana wa jirani akioa, kijiji kizima husema "tumeoa," wala hakuna anayeuliza ulitoa mahari kiasi gani. Kwa nini? Kwa sababu wale wanaocheza ngoma arusini ndio wale wale wanaotia bega chini ya machela mgonjwa anapochukuliwa usiku, na ndio wanaochimba kaburi kukiwa na msiba. Neno "sisi" wamelinunua kwa mabega yao. Mtume Paulo naye aliwaagiza Warumi mambo hayo mawili kwa pumzi moja: kufurahi pamoja na wenye furaha, na kulia pamoja na wenye kulia. Hakuwapa ruhusa ya kuchagua moja na kuliacha la pili.

Kwa hiyo hatumkatazi mtu kusimama barabarani na kupiga vigelegele. Na asimame, afurahi! Ila ajue kwamba neno "tumeshinda" ni kama hati ya deni. Yampasa kulilipa kwa kumvumilia mchezaji aliyekosa penalti, badala ya kumtukana yeye na mama yake. Kwa kwenda uwanjani timu ikiwa chini. Na kwa kumtia moyo mtoto akimbiaye pekupeku asubuhi katika njia za Kanoni, ambaye bado hakuna gari la shangwe linalomngojea.

Kijana yule hakupata la kumjibu mzee. Akiulizwa tena, na ajibu hivi: "Babu, bao sikufunga. Lakini siku tutakapofungwa, nitakuwapo."